Mama wa Katwe na mama wa Alunguli



Ukiwauliza watoto wetu filamu nzuri ni ipi, watakutajia ile yenye moto na miji inayobomoka. Hatuwalaumu. Black Panther ya mwaka 2018, iliyogharimu dola zipatazo milioni 200, hata sisi ilitufurahisha.

Lakini Jumapili iliyopita, baada ya mkutano, tulitazama nyingine kwenye kompyuta: Queen of Katwe, ya mwaka 2016. Hiyo iligharimu dola kama milioni 15 tu. Lupita Nyong'o, yule yule aliyecheza Nakia katika Black Panther, humu hana silaha. Ni Harriet, mama mjane wa Katwe, mtaa maskini wa Kampala, anayehangaikia kodi ya nyumba na chakula. Binti yake Phiona anauza mahindi barabarani, kisha anajifunza sataranji na kuwa bingwa. Hadithi hiyo ni ya kweli.

Ilipofika pale Harriet anapouza nguo yake ya thamani ili anunue mafuta ya taa, binti asome usiku, nyumba nzima ilinyamaza. Mama mmoja, anayevuka Lualaba kila asubuhi kutoka Alunguli na beseni la sombe, akasema polepole: "Mimi nilifanya kinyume. Wangu nilimtoa shuleni aje anisaidie kuuza."

Hakuna aliyemcheka. Wengine tuliinamisha vichwa, maana tulijiona.

Filamu kubwa lazima ipendwe na dunia nzima, kwa hiyo haina nafasi ya beseni la mama. Hii ya katikati ilikuwa na pesa za kutosha kupata waigizaji hodari na kupiga picha Kampala kwenyewe, tena ikakaa kwa utulivu juu ya uso wa mama mmoja. Kwa bahati mbaya, haikurudisha gharama zake katika majumba ya sinema. Zikikosa watazamaji, filamu za namna hii zitapungua.

Basi, wamama, watoto waendelee na vita vyao. Ila mara moja kwa mwezi chagueni filamu yenye mama ndani, mkae pamoja nao, kisha muwaulize: "Ungekuwa wewe, ungefanya nini?"

Na yule mama? Tulipiga naye hesabu. Likelemba ya mwezi huu itaanza kwake, kwa minervali. Binti atauza jioni, akitoka shuleni.