Bi Harusi Akiuliza Sufuria, Msimwite Mdeko

Leo tunasema na mabibi harusi, na zaidi tunasema na mawifi zao.

Siku hizi shughuli zikimalizika, maharusi wengi hupenda kwenda kula usiku kwenye mkahawa wa Kitaliano, hasa ule wa zamani wa familia moja: baba yuko kwenye tanuri, mama anakanda, watoto wanahudumia. Chakula chao tunakipenda, hatuna neno. Lakini bi harusi mwenye maradhi ya seliaki akiuliza kama tambi zake zimechemshwa sufuria moja na za wengine, meza nzima humwangalia kama anajidai. Sisi tunasema ana haki, tena aulize zaidi.

Seliaki si daieti ya kupunguza mwili ili gauni likae (hizo sisi mafundi tunazijua!). Ni maradhi. Gluteni, kile kinachofanya donge la chapati livutike, kimo kwenye ngano, shayiri na rai. Mgonjwa akikila, mwili wake unaushambulia utumbo wake mwenyewe, na anaweza kuishia na upungufu wa damu. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, na hata chembe za unga humdhuru.

Na jikoni kwa Mtaliano unga umetapakaa. Tambi za mchele zikichujwa kwa chujio lililotoka kuchuja za ngano, zimeshaharibika. Chipsi zikikaangwa kwenye mafuta ya ngisi waliogaragazwa kwenye unga, vivyo hivyo. Hata gnocchi, zinazoitwa za viazi, kwa kawaida hutiwa ngano. Mapenzi ya mama mpishi na miaka yake yote jikoni haviondoi unga kwenye chujio.

Sisi Waislamu tulitakiwa tulielewe hili haraka. Nani kati yetu haulizi kama nyama ni halali, au kama kisu kimekata nguruwe? Hatuoni haya. Tena risotto, wali wa Kitaliano, inahitaji maswali yote mawili: mchele hauna gluteni, lakini mara nyingi hutiwa mvinyo mweupe.

Wataliano wenyewe hawalifanyii mzaha. Chama chao cha seliaki kipo tangu 1979, na kina mtandao wa mikahawa iliyopewa mafunzo. Sheria yao ya 2005 inataka kantini za shule na hospitali zimpe mgonjwa chakula chake akiomba. Mwaka 2023 wakapitisha nyingine, ya kuwapima watoto. Kwa hiyo ukimuuliza Mtaliano kuhusu gluteni, mara nyingi hashangai. Anayeshangaa ni wifi yako.

Pigeni simu siku moja kabla. Ulizeni sufuria, chujio, mafuta na tanuri. Wakisema hawawezi kutenga, msiwanunie, wamekwambieni kweli. Washukuruni, mkale wali wa nazi na samaki wa kuchoma nyumbani.