Msema kweli asiadhibiwe na bima

Nimefundisha miaka mingi, na muda huo wote chaki na ngozi yangu hazijapatana. Vumbi lake likichanganyika na jasho la Mombasa, vipele vidogo hunitoka vidoleni na kuniwasha. Hupaka dawa niliyoandikiwa na daktari, na baada ya siku mbili tatu huwa nimekwisha kusahau. Sijalazwa hata usiku mmoja kwa ajili yake.

Mwaka jana, nikiwa nyumbani Buxton, nilijaza fomu ya kampuni moja ya bima ya afya. Swali liliuliza kama nimewahi kuwa na ugonjwa wowote wa ngozi, na nafasi ya jibu ilikuwa visanduku viwili: ndiyo au la. Wakala akaninong'oneza, "Mwalimu, weka la. Hivyo ni vipele tu." Nikaweka ndiyo. Hati ilipofika, ilieleza kwamba maradhi yote ya ngozi hayatalipiwa. Kwa vipele vya vidoleni nikanyimwa kinga hata ya saratani ya ngozi!

Wahenga walinena kuwa msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Kwa hakika hakuwa mpenzi wa kampuni ile.

Hata hivyo, wakala hakunishauri vyema. Mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu kamili, kanuni ambayo Jaji Mansfield wa Uingereza aliieleza mwaka 1766 katika kesi ya Carter na Boehm. Anayeficha jambo lenye uzito aweza kunyimwa malipo siku anapoyahitaji zaidi, hali amelipa miaka na miaka.

Nakiri kwamba kampuni ina haki ya kupima hatari. La sivyo, watu wangengoja waugue ndipo wakate bima. Lakini anayepima huuliza: Yalianza lini? Hutumia dawa gani? Umelazwa mara ngapi? Kisanduku kimoja hakiwezi kutenga upele na donda ndugu.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2010 ilizizuia kampuni, kuanzia Januari 2014, kumkataa mtu au kumtoza zaidi kwa maradhi aliyokuwa nayo. Hapa kwetu, bima ya umma ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, humkata mfanyakazi asilimia 2.75 ya mshahara bila kumhoji habari za ngozi yake.

Mamlaka ya Kudhibiti Bima yafaa iziagize kampuni binafsi ziutaje kwa jina kila ugonjwa zinaouondoa, ziandike sababu, na zipokee barua ya daktari kabla ya kuamua. Nanyi walimu wenzangu, na wanafunzi mtakaojaza fomu hizi kesho, semeni kweli, ambatisheni barua hiyo, na msome hati kabla ya kulipa.

Tunawafunza watoto kusema kweli darasani. Isiwe fomu ya bima ndiyo itakayowafunza kinyume.