Nakshi si anasa, na mkono wa mshonaji ulipwe



Kwenye rafu ya duka letu yamekaa magauni 19. Ni magauni mazuri. Mishono imenyooka, mapindo yamekunjwa sawasawa, kitambaa ni pamba tupu. Yameshonwa na akina mama wa kikundi chetu cha cherehani, na yamekaa pale tangu mavuno. Siku ya mnada wateja wanaingia, wanashika, wanasema "mh, nzuri," halafu wanatoka, wanavuka barabara na kwenda kuinama kwenye lundo la mitumba. Mwenye macho ameona.

Tusidanganyane. Magauni yetu ni imara lakini yako kama ukuta usiopakwa chokaa. Mtu anataka nguo ya kudumu, ndiyo, lakini anataka pia akipita watu wageuke.

Kwenye mkutano uliopita kikundi kiliomba fedha kidogo kutoka mfuko wa ushirika. Walitaka uzi wa rangi, lesi na vifungo. Ombi likakataliwa. Yakasemwa mengi: kwamba ushirika uliundwa kwa ajili ya kilimo na mahitaji ya lazima, siyo marembo, kwamba nakshi ni mambo ya mjini, kwamba ni kupoteza muda wa kazi. Tukapiga kura, mikono ikanyooka. Mwandishi wa ukuta huu naye alinyoosha, tena wa kwanza kwanza. Leo anaandika kusema alikosea.

Hebu wazee wangu niwaulize jambo moja kwa heshima zote. Siku ile ya mkutano mlikuwa mmevaa nini kichwani? Kofia ya kazi ya mkono, ile nyeupe yenye vitobo. Ile kofia ni vipande viwili tu vya pamba, cha duara juu na cha mzunguko wa kichwa. Ukiondoa nakshi, hubaki na kitambaa cheupe kisicho na thamani hata ya soda. Thamani yake yote iko kwenye sindano: kila kitobo kimezungushiwa uzi kwa mkono, kimoja baada ya kingine, na kofia nzuri huchukua wiki nyingi, nyingine miezi. Mnajua wenyewe bei yake. Kazi hiyo ni ya pwani yetu yote, kuanzia Lamu hadi Unguja na Visiwa vya Ngazija, na ng'ambo huko Oman wanaume wanavaa kofia ndugu ya hiyo hiyo. Na kanzu je? Kanzu isiyo na darizi shingoni ni nguo ya kulalia. Waganda wao huidarizi kanzu yao kwa uzi mwekundu wa damu ya mzee, na bwana harusi hathubutu kwenda ukweni bila hiyo. Kwa hiyo wanaume tuache kusema eti nakshi ni upuuzi wa wanawake. Tunautembeza upuuzi huo kila Ijumaa na kila harusi.

Na bibi zetu hawakuanza jana. Karne ya 19 kitambaa cha watu wa kawaida kilikuwa merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyopewa jina hilo kwa kuwa ililetwa Unguja na meli za Marekani, na kaniki, yaani merikani iliyotiwa rangi ya nili. Nguo za watumwa na maskini hizo. Inasimuliwa kwamba khanga ilianza pale wanawake wa pwani walipochukua leso za rangi zilizouzwa kwa jora, wakakata, wakaunga tatu kwa tatu, wakapata nguo moja pana yenye maua. Viwanda vikaja baadaye kuiga kile kilichokwisha kushonwa kwa mkono. Na baada ya utumwa kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivishwa kaniki waliiacha, wakavaa khanga. Pambo lilikuwa linasema: mimi sasa ni mtu kamili. Sasa jamani, hiyo nayo ni anasa?

Wazee wetu wanakumbuka pia ile miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, nguo zilipoadimika madukani. Duka la kijiji likipata jora moja, linagawanywa kwa mstari, wote kijijini rangi moja. Ukisimama mlimani ukitazama sherehe ungedhani ni shule. Mama mwenye akili alikata khanga iliyochakaa, akatoa sehemu nzima za pindo, akazishona kwenye kola na mikono ya gauni la binti yake, na binti akatambulikana kati ya wenzake. Hakununua hata uzi. Aliufumua kwenye nguo kuukuu. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ile na mitumba ikaingia kwa wingi, ufundi huo tukauweka kando, na wengine wakauona ni alama ya shida.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana maneno matupu hayauzi gauni.

Nakshi ya bei ndogo kuliko zote haihitaji hata sindano ya mkono. Cherehani zetu za miguu zinashona mshono mmoja tu, wa kwenda mbele, na huo unatosha. Weka uzi wa rangi tofauti na kitambaa, refusha hatua ya mshono kidogo, kisha pita mistari miwili au mitatu sambamba kuzunguka kola, mfukoni na kwenye pindo. Kipimo cha kutenganisha mistari ni upana wa mguu wa cherehani, usipime kwa jicho. Suti za Kaunda zilipata sura yake kwa mistari ya namna hiyo hiyo. Gharama ni gurudumu moja la uzi kwa nguo kadhaa. Lakini hapa lazima mkono uwe mtulivu: mstari wa rangi ukipinda kila mtu anauona, ule wa rangi ya kitambaa ungejificha.

Pili ni ukanda wa mshazari. Hapa wengi wanakosea, hata mafundi wa zamani. Wanakata ukanda wa kuzungushia shingo kwa kufuata uzi wa kitambaa, na ukifika kwenye mviringo unakunjamana kama uso wa mtu aliyekula limau. Kunja kitambaa pembe kwa pembe, kata kwa mshazari, ukanda utavutika na kuzunguka shingo bila kugoma. Ukitaka upana wa sentimita 1 baada ya kukunja, kata sentimita 4, kwa kuwa unakunjwa mara nne. Na ukanda huu ndio mahali pa vile vipande vya kitenge tunavyofagia na kuchoma jioni chini ya meza ya kukatia. Kila jioni tunachoma mapambo, halafu tunaomba fedha za mapambo! (Hili nimeambiwa na mama mmoja wa kikundi, nami nikaona haya.)

Vijirinda vyembamba kifuani navyo vinapendeza sana kwenye blauzi na magauni ya watoto, lakini vinakula kitambaa. Kila kirinda cha milimita 3 kinameza milimita 6. Vijirinda 10 vimemeza sentimita 6. Basi vishonwe kwanza kwenye kipande, kipigwe pasi, ndipo kifua kikatwe kwa kipimo. Mwaka jana tulianza kwa kukata, tukapata blauzi tatu ambazo hazimtoshi mtu yeyote hapa kijijini isipokuwa mtoto wa darasa la tatu.

Darizi ya mkono ndiyo yenye heshima kubwa na ndiyo yenye kuchosha. Kabla ya yote fua kitambaa, kwa sababu pamba mpya husinyaa, na ukidarizi kabla haijasinyaa maua yote yanakunjamana siku ya kwanza ya kufua. Uzi mwekundu na wa buluu ujaribiwe: loweka kipande kwenye maji ya moto, kiminye juu ya kitambaa cheupe. Ukiacha rangi, uurudishe dukani, usiulete kwenye gauni la mtu. Chora ua kwa kipande chembamba cha sabuni, sio kalamu ya wino. Ule uzi wa kudarizia una nyuzi 6 ndani yake. Zitenganishe, tumia 2 au 3 kwa kazi nyepesi. Urefu wa uzi usizidi kutoka vidole hadi kiwiko, maana mrefu zaidi hujisokota na kufanya mafundo, na fundo moja linakula muda wa mishono ishirini. Mshono wa mnyororo peke yake unaweza kuchora jani, shina, mawimbi, hata jina. Anayejua kutengeneza tundu la kifungo kwa mkono tayari anajua mshono wa kuzungusha ukingo wa mfuko. Hatuanzi sifuri.

Na geuza nguo ndani. Mteja wa siku hizi anageuza. Kama nyuma kuna mafundo na nyuzi zinazoning'inia, anajua imefanywa kwa haraka na anairudisha.

Nimeulizwa: je, tupambe kila kitu? Hapana bwana. Sare za shule ziachwe kama walimu wanavyotaka. Nguo ya shamba haihitaji lesi, italiwa na miba. Na hata gauni la sikukuu lichague mahali pamoja pa kusema neno lake, ama shingoni, ama mfukoni, ama kwenye pindo. Nimeona gauni moja mjini lina lesi, shanga, marinda na vifungo vya dhahabu mpaka sikuona kitambaa. Mwenye nalo alikuwa hawezi kukaa.

Sasa tufike panapouma.

Kikundi kinalipwa kwa idadi ya nguo. Gauni lililo wazi na gauni lililodariziwa shingo, malipo ni yale yale. Mama mmoja kijana, hatutamtaja, alidarizi blauzi kwa jioni nne, taa ya sola ikiwa magotini. Alipoileta akalipwa sawa na mwenzake aliyemaliza yake kati ya asubuhi na adhuhuri. Hakugombana na mtu. Alishukuru, akaenda nyumbani, na hajadarizi tena kwa ajili ya ushirika. Anadarizi kwa mchuuzi anayekuja na pikipiki kila baada ya wiki mbili, ambaye anampa zaidi kidogo na kwenda kuuza ghali. Basi tunasema hatuna nakshi, kumbe nakshi yetu inapanda pikipiki inatupita mbele ya mlango wa duka! Nani amemfukuza? Siyo mchuuzi. Ni sisi na daftari letu.

Tunajua Ndugu Mhazini atasema mfuko si kisima. Ni kweli, na tunamshukuru kwa kuulinda. Miaka iliyopita kulikuwa na wasioulinda. Kwa hiyo hatuombi fedha za kutupwa. Tunaomba mambo haya yazungumzwe kwenye mkutano ujao: kikundi kikopeshwe uzi na vifungo vya magauni 6 tu kati ya yale 19, yapambwe, yauzwe, na mkopo urudishwe kabla mshonaji hajalipwa. Magauni yaliyokwisha kushonwa bado yanapambika: mfuko wa kitenge unabandikwa juu, ukanda unazungushwa kwenye pindo, shingo inadariziwa. Yasipouzwa, mwandishi huyu atabandika hapa hapa ukutani kwamba alikosea mara ya pili.

La pili, na hili ni zito kuliko la kwanza, daftari liwe na safu ya saa. Kila mshonaji aandike nguo ilimchukua muda gani, na bei ya gauni ipangwe kwa kitambaa, uzi na saa hizo. Wako watakaosema akina mama wataandika saa za uongo. Mbona mizani ya mazao tunaiamini, na tunajua ya kwake? Wawili washone kwa kukaa pamoja dukani siku moja, kipimo kitapatikana, na baada ya hapo atakayeandika siku tatu kwa kazi ya siku moja wenzake watamcheka kabla Katibu hajamwita.

Wasichana wanaomaliza shule nao wanatazama. Bibi mmoja wa mtaa wa juu bado anazijua kofia za vitobo vizuri sana, na amekubali kufundisha Jumapili mchana ikiwa atapata wa kumsaidia kuchota maji siku hiyo. Mpaka jana jioni walikuwa wamejiandikisha wanne, mmoja wao mvulana. Tunampongeza kijana huyo, na wanaomcheka waangalie kofia za baba zao.

Mkutano ni Jumamosi baada ya mnada, chini ya mwembe kama kawaida. Gauni moja la kijani limetolewa rafuni na kutiwa ukanda wa kitenge na mfuko. Limetundikwa mlangoni mwa duka pamoja na mwenzake asiye na kitu. Pita uyashike yote mawili, uyageuze ndani, kisha uje mkutanoni. Na mwenye khanga iliyochakaa katikati lakini pindo bado zima, asiifanye deki; ailete kwa akina mama, boksi liko karibu na mizani.

Mhariri