Ujuzi kwa Mama, Malezi kwa Mtoto

Machafuko ya 1992, na yale ya 2007 na 2008, yaliwang'oa akina mama wengi Molo na Olenguruone. Wakafika mjini Nakuru bila shamba wala kazi. Mtu asiye na ujuzi wa kumlisha, kura yake hununuliwa kwa pakiti ya unga. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto katika fungu moja. Twaona hekima yake: mwenye mtoto mgongoni hawezi kushika randa. Hatuombi sadaka, twadai haki. Ndugu wasomaji, waulizeni wawakilishi wenu wa wadi: mama akiingia chuoni, mtoto wake atalelewa wapi?