Sheria Iliyoishia Bandarini

Saa kumi na mbili asubuhi, kwenye steji moja ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, mama muuza uji hufunika kikombe kwa kiganja kila matatu inapoondoka. Makanga amepiga bodi mara mbili, dereva amekanyaga mafuta, na wingu jeusi limetoka kwenye ekzosi. Mama husubiri lipite, akafuta mdomo wa chupa kwa kitambaa ambacho zamani kilikuwa cheupe, ndipo akamimina.

Kiganja huzuia masizi yanayoonekana. Chembe hatari zaidi, zisizofikia mikromita 2.5, ni nyembamba kuliko unywele mara thelathini hivi; hizo hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake kutoka mikrogramu 10 za chembe hizo hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, wastani wa mwaka mzima.

Wapo wanaoamini kwamba moshi ni kodi ambayo lazima nchi inayojijenga ilipe. Wamesahau mambo ya juzi tu. Kufikia Januari 2006, petroli yenye madini ya risasi ilikuwa imeondolewa sokoni kusini mwa Sahara, takriban miaka mitano tangu nchi za eneo hilo zilipoazimia huko Dakar kuiondoa. Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikahamia dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Hakuna dereva aliyebembelezwa, wala abiria aliyehubiriwa. Mafuta hupita kwenye milango michache. Sheria ikisimama hapo imara, mama wa uji hunufaika bila hata kujua.

Ekzosi hazina mlango mmoja. Kenya hukataa gari kuukuu lenye umri wa zaidi ya miaka 8 linapoletwa kutoka nje, na ni vyema, lakini likishapita bandarini huweza kutembea miaka mingine ishirini. Nozeli huchakaa, filta ya hewa hujaa vumbi, fundi huongeza dizeli ili gari lipande mlima likiwa limeshona abiria. Dizeli hiyo haiungui yote, na weusi ule unaomfikia mtoto mgongoni mwa mamaye ndiyo masalia yake. Mafuta yamesafishwa, injini imeachiwa mwenyewe.

Viwandani mambo yamekuwa machungu zaidi. Risasi iliyofukuzwa kwenye petroli ilirudi Mombasa ndani ya betri za magari. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa humo, alianza kupiga kelele baada ya mtoto wake kupatikana na risasi mwilini. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda ngazi, fidia ikafutwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka kumi baada ya bomba kuzimwa! Mtoto aliyevuta moshi ule akiwa anatambaa alikuwa tayari ni kijana, na risasi ikishaudhuru ubongo unaokua, hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa.

Ndiyo maana makala haya yanadai vipimo kabla ya kesi. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na haki hiyo haiwezi kutetewa kwa kukisia. Gari linalokaguliwa breki na taa liwekewe pia kifaa cha kupima moshi kwenye ekzosi, na likishindwa lirudi kwa fundi kabla ya kurudi barabarani. Kiwanda kipimwe kwenye bomba lake, majibu yabandikwe langoni, kwa Kiswahili, mahali ambapo jirani anayepita na ndoo ya maji anaweza kuyasoma.