Mazrui Si Mtu Mmoja

Nimesomesha Kiswahili hapa Mombasa miaka mingi, na kila nilitajapo jina la Mazrui darasani wanafunzi hunijibu, "Yule profesa!" Wana haki. Ali Mazrui alisomesha Makerere hadi 1973, enzi za Idi Amin, akaenda Marekani, na mwaka 1986 watazamaji wa televisheni wakamwona akieleza urithi wa aina tatu wa Mwafrika. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa Mombasa kuzikwa.

Lakini kabla yake kulikuwa na babake, Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947. Mwaka 1930 alianzisha gazeti la *Sahifa*, kisha *Al-Islah* mwaka 1932. Humo aliwahimiza Waislamu wa pwani wasomeshe watoto wao, na akakemea israfu katika arusi na matanga. Makala ya *Sahifa* yalikusanywa katika kitabu, *Uwongozi*. Aliyaandika kwa Kiswahili, ili muuza samaki na mwanachuoni wayasome sawa.

Yuko pia Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia *Kilio cha Haki* ya mwaka 1981. Mwaka uliofuata serikali ilimtia kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mashairi yake ya kizuizini yamo katika *Chembe cha Moyo*.

Watu husema, "Ni damu ya ukoo." Sikubali. Wamazrui walitawala Mombasa mpaka 1837, Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, alipowaondoa, na utawala huo haukumwandikia yeyote kati ya hawa hata ukurasa mmoja. Jina lilirithiwa, fikra zilitafutwa kwa kusoma, kubishana na kuthubutu. Sheikh aliwakosoa watu wake mwenyewe, profesa akabishana na wasomi wenzake hadharani, na mtunzi akapoteza uhuru wake. Tukiwaita wote "Mazrui" tukaishia hapo, tunawanyang'anya kazi yao.

Ombi langu ni kwa walimu wenzangu na wasimamizi wa maktaba za shule: wekeni *Uwongozi* kando ya *Kilio cha Haki*. Mpeni mwanafunzi makala moja ya Sheikh kuhusu elimu, kisha mwulizeni anakubali wapi na anapinga wapi. Mtoto asiye na jina kubwa atajionea kwamba kufikiri hakuhitaji ukoo, na kalamu iko wazi kwake pia.