Saa za Fundi Asiye na Bwana

Mfanyakazi wa kampuni huitwa kazini kwa king'ora au kengele. Fundi wa kushona aliye bwana wa kazi yake huitwa na nani? Kutwa huzungumza na wageni. Usiku huinama penye taa akishona nguo alizoahidi kwa kesho. Ujanani mwili ulivumilia. Lakini baada ya miaka 40 jicho huanza kushindwa na vitu vya karibu, na uzi hukataa tundu la sindano.

Baba wa jamaa, uzipange saa zako. Nuru ya asubuhi iwe ya vifungo na mapindo. Wateja wapimwe alasiri. Kila ahadi iandikwe kitabuni, na siku zikijaa useme: «Juma hili siwezi.» Mwezi wa Septemba, shule zinapofunguliwa, shati jeupe lililochelewa laweza kumzuia mtoto nyumbani.

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Huyo naye alikuwa fundi, na siku ya Sabato aliiheshimu. Jioni basi, funika cherehani: nyumbani wanakungoja.